UZI: Vichwa vya risasi vya kusubu kwenye Lee-Enfield ya .303, tupime koo kabla ya kulaumu aloi

#1 Mzee wa Kalibu (Pennsylvania)

Salamu kwenu nyote. Naandika hasa kwa ajili ya wenzetu tunaoishi Marekani, ambako mwenye bunduki halali anaruhusiwa kujisubia vichwa vya risasi na kujaza maganda yake nyumbani kwa matumizi yake. Mlioko Tanzania na Kenya someni kama maarifa tu, kwa kuwa huko sheria hairuhusu raia kutengeneza risasi bila leseni. Sitataja uzito wa baruti hata kidogo. Hiyo ni kazi ya mwongozo wa kiwanda kilichotengeneza baruti uliyonayo mkononi.

Tuanze na maneno, kwa sababu Kiswahili kimetupa neno moja, risasi, kwa vitu vitatu: madini yenyewe, kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha, na kile kizima kinachoingizwa kwenye bunduki. Humu nitasema madini ya risasi, kichwa, na risasi nzima. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa ikizunguka kama parafujo, na kati ya mfereji na mfereji kuna tuta. Nyuma ni chemba, linamokaa ganda, na kati ya chemba na mahali matuta yanapoanza kuna sehemu fupi ninayoiita koo. Uzi huu unahusu koo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa King's African Rifles na alifika Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Bunduki aliyotusimulia ilikuwa ya .303 (upana wa mtutu kwa inchi), na ndiyo maana mwaka juzi, nilipoiona Lee-Enfield Namba 4, bunduki ya Waingereza ya kipimo hicho, ikiuzwa na mjane wa jirani yetu, sikuweza kuiacha. Nilinunua kalibu iliyoandikwa .311, yaani inchi 0.311, kipimo cha vichwa vya kiwandani vyenye koti la shaba, nikasubu vichwa mia moja vya kupendeza, nikaenda uwanjani. Kwa mita 50, vichwa vinne kati ya kumi vilipita kwenye karatasi kwa ubavu. Tundu halikuwa duara. Lilikuwa picha ya kichwa kikiwa kimelala, na mifuo yake ya kushikia grisi ilionekana pembeni mwa tundu kama meno ya kitana. Nilipochungulia mtutu kutoka nyuma, nusu shubiri ya kwanza mbele ya koo ilikuwa imepakwa utando wa madini unaong'aa, na ilinichukua jioni mbili kuusugua.

Kila niliyemuuliza aliniambia kuwa aloi yangu ni laini mno. Nikatafuta madini ya mitambo ya zamani ya uchapaji, yale yenye risasi sehemu 84, antimoni 12 na bati 4 katika mia, ambayo ugumu wake ni kama mara nne ya risasi tupu. Mambo yakawa mabaya zaidi. Nilipoteza wiki sita nikiongeza ugumu, na sikuwa nimepima kitu hata kimoja ndani ya bunduki yenyewe.

Sababu yake ni hii. Kichwa kilicho chembamba kuliko mifereji kinaacha upenyo pembeni, na moto wa baruti unapita kwenye upenyo huo kabla kichwa hakijakamata matuta vizuri. Gesi hiyo inayeyusha na kukwangua ubavu wa kichwa, kisha inayabandika madini hayo kwenye chuma mbele yake. Kichwa laini kingeweza angalau kutanuka kidogo kwa msukumo wa nyuma na kuziba. Kigumu hakitanuki, kinabaki chembamba kama kilivyotoka kwenye kalibu. Kwa hiyo mahali utando unapokaa panasema ugonjwa: ukiwa karibu na koo, shuku unene wa kichwa, ukiwa karibu na mdomo wa mtutu, shuku kwanza grisi iliyokwisha njiani.

Sasa vipimo. Chukua kipande cha risasi tupu isiyochanganywa, kinene kidogo kuliko mtutu, paka mtutu mafuta, hakikisha bunduki haina kitu, kisha kipitishe kipande hicho kwa ufito wa shaba na nyundo ndogo, taratibu. Mkono wako utahisi mahali panapobana na mahali panapolegea. Kitatoka kikiwa na chapa ya mtutu mzima. Wangu ulinipa tuta kwa tuta inchi 0.3035, na mfereji kwa mfereji inchi 0.3145. Yaani kichwa changu, ambacho kalibu ile ya .311 ilikitoa kikiwa na 0.3125, kilikuwa pungufu kwa elfu mbili za inchi (0.002) hata kabla sijapima koo.

Ila mtutu si mwisho wa habari. Bunduki hizi zina historia ya moto. Lee-Metford ya mwaka 1888 ilichongwa mifereji saba isiyo na kina, yenye pembe za mviringo, kwa ajili ya baruti nyeusi inayotia masizi. Ilipokuja kodaiti, baruti isiyo na moshi, ambayo aina yake ya kwanza ilikuwa na nitrogliserini 58 katika mia, joto lake likaila mifereji ile haraka, na mwaka 1895 ikaletwa michongo ya Enfield yenye mifereji mitano yenye pembe kali. Kodaiti nayo ikabadilishwa, na aina ya mwaka 1901 ilikuwa na nitrogliserini 30 tu katika mia. Hata hivyo moto ulibaki moto, na unaanza kula kooni. Mtutu unaoonekana mzima kwa macho unaweza kuwa na koo lililopanuka na kurefuka, na kila bunduki ina koo lake.

Koo halipimwi kwa macho. Mimi nilitumia Cerrosafe, aloi ya bismathi inayoyeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi, kiasi kwamba chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto kinatosha. Msiiunguze, ina kadimiamu ndani. Unaziba mtutu kwa kitambaa mbele kidogo ya koo, unamimina kutoka nyuma, unasubiri igande na kuitoa. Saa ndiyo siri yake: katika nusu saa ya kwanza inasinyaa, kisha inaanza kutanuka, na kwenye saa moja hivi inakuwa sawasawa na chemba. Ukiipima kesho yake imeshapita kipimo. Koo langu lilisoma 0.3155, na shingo ya chemba 0.346.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kichwa changu kinapaswa kuwa 0.315 au 0.316, kiingie kooni kwa kusukumwa na kidole gumba tu, kisimame katikati kabla baruti haijawaka. Kichwa kinachoanza safari kimekaa upande hakitanyooshwa na mtutu; kitachongwa kikiwa upande vilevile.

Naomba wenye Lee-Enfield, Mauser au Mosin za zamani walete vipimo vyao.

#2 Fundi wa Likoni (Mombasa)

Shikamoo mzee. Mimi ni mkereza vyuma, bunduki sina wala sihitaji, lakini suala la kupima limenigusa. Umesema mifereji ni mitano. Maikromita ya kawaida ina nyuso mbili bapa zinazotazamana, na mifereji ikiwa mitano, mkabala wa kila mfereji kuna tuta. Kwenye kile kipande chako, mkabala wa kila mwinuko kuna bonde. Sasa 0.3145 umeipataje? Nina wasiwasi kwamba wengi watapima, watapata namba ndogo kuliko ukweli, na wataamini kuwa mtutu wao ni mwembamba.

Sisi karakana tunapopima vikatio vyenye meno matano tunatumia maikromita yenye kitako cha umbo la V, chenye pembe ya nyuzi 108. Kama mtu hana, na akodishe dakika kumi za mashine ya kukereza: atobolewe pete kadhaa za shaba, kila moja imezidi mwenzake kwa nusu ya elfu ya inchi, kisha apitishe kipande chake pete kwa pete. Pete inayokikubali kwa kusugua kidogo ndiyo jibu, na tundu la pete halidanganywi na idadi ya mifereji.

#3 Mzee wa Kalibu

Marahaba mwanangu, na umepiga palepale nilipopaharakisha. Mara ya kwanza nilipima kwa nyuso bapa nikapata 0.311, na namba hiyo ndiyo iliyonifanya niamini kalibu yangu kwa wiki zote zile. Baadaye nilizungushia kipande ukanda wa bati jembamba la unene wa elfu moja ya inchi, nikauvuta mpaka ukakaza juu ya miinuko, nikatafuta usomaji mkubwa kuliko yote na kutoa elfu mbili. Matuta ya Enfield ni membamba na mifereji ni mipana, kwa hiyo ukanda hauzami sana. Pete zako ni njia safi zaidi. Nitazitengeneza.

#4 Binti Kahama (Minnesota)

Shikamoo mzee Kalibu, na heshima kwa fundi. Mimi ni mwuguzi, na mume wangu ndiye aliyenifundisha kuwinda paa huku. Namba 4 yetu ni ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ina mifereji miwili tu. Tulipitisha kipande, mifereji inatazamana, kwa hiyo maikromita ilisoma bila shida: 0.314. Koo ni 0.315. Tulinunua kalibu ya 0.316, tunapitisha vichwa kwenye dai (tundu la chuma la kukamulia kichwa kifike kipimo) ya 0.315, tunaweka kikombe cha shaba kitakoni. Kila kitu kinalingana na ulichoandika. Hata hivyo utando bado upo karibu na koo, na vichwa vinatawanyika upana wa kiganja kwa mita 50. Tumekosea wapi?

Niongeze jambo la kazi yangu. Kwa joto la kusubia, madini ya risasi hayatoi mvuke mwingi, lakini vumbi la kile kitakataka kinachoelea juu linashika mikononi na kwenye nguo, na huko ndiko linakoingia mdomoni. Pasubiwe mahali penye hewa, pasiwe na chakula, nguo zifuliwe peke yake, na mtoto au mama mjamzito asikae karibu. Tone la maji likiingia ndani ya sufuria ya madini yaliyoyeyuka litageuka mvuke ghafla na kuyarusha yote usoni.

#5 Mzee wa Kalibu

Marahaba binti yangu, na ahsante kwa hilo la afya, lilipaswa kuwa la kwanza kwenye uzi wangu.

Kuhusu tatizo lenu, chukueni risasi nzima mliyokwisha ifunga, mkivute kichwa chake nje kwa nyundo ya kuvulia, mkakipime kitako. Nadhani mtakuta si 0.315 tena. Dai za kujazia maganda ya .303 zimetengenezwa kwa ajili ya vichwa vyenye koti la shaba vya 0.311: zinaibana shingo ya ganda, halafu kitanuzi chake kinaifungua kwa kiasi cha vichwa hivyo. Ukisukumia humo kichwa cha kusubu cha 0.315, ganda ndilo gumu na kichwa ndicho laini, kwa hiyo ganda linageuka kuwa dai nyingine na kukikamua kichwa mpaka 0.312. Mnapima kichwa kizuri mezani na kufyatua kichwa kingine.

Dawa yake ni kitanuzi chenye ngazi mbili: sehemu ya kwanza iwe pungufu ya kichwa kwa elfu moja au mbili, sehemu ya juu izidi kichwa kidogo, ili mdomo wa ganda ufunguke na kitako kiingie bila kukwanguliwa.

Hapo lakini mtazame na upande wa pili. Shingo ikinenepa sana haitakuwa na nafasi ya kutanuka na kukiachia kichwa, na msukumo ndani ya chemba unaweza kupanda kwa hatari. Kwangu, kichwa cha 0.316 na kuta za ganda za 0.014 kila upande vinatoa 0.344, na chemba ni 0.346, kwa hiyo zimebaki elfu mbili. Chini ya elfu moja na nusu mimi siendi. Chemba za vita zilichongwa kwa upana ili risasi yenye matope iingie, na upana huo unatusaidia, ila pimeni yenu.

#6 Abu Salim (Maskati)

Assalaam alaykum. Wazee wetu huku Oman waliziacha Martini-Henry nyingi, na nyumbani kwetu ipo moja ya marehemu babu ambayo haijafyatuliwa miaka mingi. Nimevutiwa na habari ya kichwa laini kutanuka, kwa sababu risasi ya Martini, iliyoanza kutumika mwaka 1871, ilikuwa na kichwa kizito cha greini 480 (kama gramu 31), sehemu kumi na mbili za risasi kwa moja ya bati, kimeviringishiwa karatasi. Ni laini kabisa. Je, kanuni yako haipingani na hiyo?

#7 Mzee wa Kalibu

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Haipingani, ila baruti ni nyingine. Baruti nyeusi, greini 85 za Martini, inawaka ghafla na kukipiga kichwa kizito kitakoni kama nyundo kabla hakijaanza kutembea, na madini yale laini yanafupika na kunenepa mpaka yajaze mifereji. Karatasi inazuia madini yasiguse chuma. Waliotengeneza risasi ile walitegemea kutanuka huko, kwa hiyo waliweza kukiacha kichwa kiingie kwa urahisi hata mtutu ukiwa na masizi. Baruti isiyo na moshi, hasa aina za polepole, inasukuma kwa kuongezeka, na kichwa kimekwisha anza safari kabla kani haijafika kileleni. Ndiyo maana kwenye .303 sisubiri kitanuke; nakipa unene wake mwanzoni.

Ya babu msiifyatue kabla fundi wa bunduki mwenye leseni hajaikagua, tafadhali.

#8 Mtemi wa Ohio

Mzee, kwa heshima zote, mimi bado nasimama kwenye ugumu. Nimesubu kwa miaka tisa, natumia aloi ya risasi 90, bati 5 na antimoni 5, na sijawahi kupima koo. Sipati utando wowote.

#9 Mzee wa Kalibu

Nakuamini kabisa ndugu Mtemi. Aloi hiyo ni nzuri na mimi sasa naitumia hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba bunduki yako na kalibu yako zimekubaliana bila wewe kuulizwa, na ukibadilisha moja kati ya hizo mbili, ugumu hautakusaidia. Nilirudia majaribio kwa aloi tatu, laini, ya kati na ngumu, zote kwa 0.316. Kwa mwendo wa futi 1,600 kwa sekunde hivi, ambao ni kama theluthi mbili ya mwendo wa risasi ya kijeshi ya Mark VII, zote tatu zilikaa ndani ya sentimita sita kwa mita 50, na mtutu ulisafishika kwa kitambaa kimoja. Ugumu unaanza kuwa na sauti mwendo ukipanda. Kwa mwendo wa kuwindia karibu, unene ndio unaosema.

Jambo moja ambalo sikuliandika ni pua ya kichwa. Kalibu nyingi zina pua nyembamba inayopaswa kulala juu ya matuta. Kwenye .303 pua ya 0.300 inaning'inia hewani ndani ya mtutu wa 0.3035, na kichwa kinayumba hata kama kitako kimeziba. Funga kichwa kwenye ganda tupu lisilo na baruti wala fataki, kifukize kwa moshi wa mshumaa mpaka kiwe cheusi, kiingize kwenye chemba, kisha kitoe polepole. Matuta yakiwa yameacha alama tano zilizo sawa kuzunguka pua, imekaa. Alama zikiwa upande mmoja tu, au zisiwepo, pua haijashikwa. Msifanye hivyo kwa risasi iliyojazwa: kichwa kikinasa kooni, ganda litatoka peke yake na baruti itamwagika ndani ya bunduki.

#10 Binti Kahama

Mzee, tumevuta vichwa vitano. Vitako vilisoma 0.3120, 0.3120, 0.3125, 0.3120 na 0.3125. Mume wangu alikaa kimya kwa muda, kisha akaenda kuagiza kitanuzi. Shingo ya chemba yetu ni 0.345 na kuta za maganda yetu ni 0.0145, kwa hiyo kwa kichwa cha 0.315 tunabakiwa na elfu moja tu. Tutafute maganda membamba zaidi?

#11 Mzee wa Kalibu

Ndiyo, binti yangu. Msinenepeshe kitu kingine chochote mpaka mpate nafasi hiyo. Pimeni maganda ya viwanda mbalimbali, kuta zake hutofautiana. Mkipata ya 0.0135 mtakuwa na elfu tatu, na hapo vichwa vyenu vya 0.315 vitaingia na kuachiwa bila shida. Msipoyapata, mtu mwenye kifaa cha kukereza shingo za maganda atawapunguzia, ila asivuke chini ya 0.012. Mkishafunga moja tupu, leteni kipimo cha nje ya shingo hapa kabla ya kufyatua.

#12 Fundi wa Likoni

Mzee, pete nimeshaanza kuzichonga, kuanzia 0.3130 hadi 0.3165, nane zote. Nitatuma picha zikikamilika, ili aliyeko huko ampelekee mkereza wa karibu naye.